Marobota Yasiyosogea

Mtuhumiwa alikuwa amekiri jambo moja tu, na lilikuwa lile ambalo halikuhitaji ushahidi. Siku ya Jumatano, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, aliingia katika chumba cha mitambo cha kampuni ya uwekezaji iliyomwajiri, akapita mbele ya mafundi wawili, akang'oa waya. Kamera ilimwonyesha. Mafundi walimwona. Yeye mwenyewe alisimama palepale, waya mkononi, mpaka walinzi walipofika.

Mengine yote alikana.

"Leo Ijumaa saa kumi jioni muda wako wa kizuizini unakwisha," Mkaguzi wa Mamlaka inayosimamia soko alimwambia. "Kabla ya hapo nitasaini moja kati ya karatasi hizi mbili. Hii inakupeleka mahakamani kwa kuhujumu soko kwa faida binafsi. Ni miaka saba. Hii inafuta shtaka hilo."

Dalali alizitazama karatasi zote mbili. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini na moja kati ya hiyo alikuwa ameitumia kununua na kuuza pamba kwa niaba ya watu wengine. Kazini walimwita Simu, kwa sababu ndiye aliyebaki peke yake katika ofisi ile ambaye akitaka kujua jambo alimpigia mtu akamuuliza.

"Zinafanana," alisema. "Usije ukakosea, mama."

"Karatasi huwa sikosei. Jumatatu uliuza stakabadhi zako mbili za pamba iliyoko ghalani, akiba yako yote. Jumatano ukazima mtambo wa kompyuta unaonunulia kampuni pamba. Saa moja baadaye bei ilikuwa imeanguka karibu nusu. Ulijuaje kwamba itaanguka?"

"Bei imepanda wiki tatu, marobota hayajasogea."

"Fafanua."

"Pamba hununuliwa ikasokotwe nyuzi. Haikai mtu akaitazama kama picha ya harusi. Bei ikipanda vile, maana yake viwanda vinaigombania, na malori yanapishana mlangoni pa ghala. Nikauliza malori yako wapi. Hakuna. Nikauliza tena wiki iliyofuata. Hakuna. Sasa kama hakuna anayeichukua, nani anainunua?"

"Ulimuuliza nani?"

"Shemeji yangu. Kaka wa mke wangu. Ndiye mtunza ghala."

Mkaguzi alikuwa na orodha ya simu hizo: kumi na nne kwa wiki tatu. Alikabidhiwa na Mkurugenzi wa kampuni, Jumatano ileile, kabla hajaiomba. Alikuwa ameliandika hilo pia, pembeni, kwa penseli.

"Mtu anayempigia shemeji yake mara kumi na nne ama anampenda sana, ama wana biashara."

"Humjui shemeji yangu. Hapendeki kiasi hicho."

"Wakubwa wako uliwaambia?"

"Mara tisa. Kwa fomu. Siku hizi huendi mlangoni kwa mtu. Unajaza fomu kwenye kompyuta, mtambo unakujibu."

"Ukajibiwa nini?"

"Nenda kasome mwenyewe. Nikikutajia utadhani natia chumvi."

"Na waya?"

"Jumatano asubuhi niliona foleni ya wauzaji kwenye kioo cha kompyuta. Kila aliyekuwa na pamba stoo, hata wale wa mikoa ya mbali, kaileta. Wauzaji mia, mnunuzi mmoja, na mnunuzi ni mtambo wetu, na hela anayonunulia ni pensheni ya wauguzi. Ulikuwa unabeba kila kitu. Niling'oa ule waya kama unavyong'oa pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Huanzi kumtafuta mwenye shati."

Mkaguzi aliandika maneno hayo, akaacha nje lile la shati.

*

Ghorofa ya sita ya kampuni ya uwekezaji ilikuwa kimya kama maktaba. Watu kumi na wawili walikaa mbele ya vioo na hakuna aliyezungumza. Kwenye kona palikuwa na boksi la simu za mezani, nyaya zimezungushiwa, zikisubiri kupelekwa zinakokwenda simu.

Aliyesanifu mtambo alikuwa kijana wa miaka thelathini na nne. Wote walimwita Profesa, ingawa hakuwahi kufundisha popote. Alivaa viatu vyeupe visivyo na doa, na ubao wake ulijaa hesabu kutoka juu mpaka pale mkono wake ulipoishia.

"Mitambo ni miwili," alieleza. "Wafanyakazi wanaiita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Utani wao, mimi siupendi. Bi Mkubwa anaendesha mfuko wa pensheni ya wauguzi. Bi Mdogo anaendesha mfuko wa wawekezaji binafsi, watu wachache wenye mitaji mikubwa."

"Ni modeli mbili tofauti?"

"Modeli moja ya hesabu, nakala mbili. Kati yao kuna ukuta. Sheria yenu wenyewe inataka mali za wateja wawili zisichanganywe. Kwa hiyo huyu hajui anachofanya yule."

"Wake wenza waliolelewa na mama mmoja, nyumba mbalimbali."

"Ukipenda kusema hivyo."

"Modeli inaangalia nini inapoamua kununua pamba?"

"Vigezo mia nne na sita." Profesa alianza kuvionyesha ubaoni. "Bei. Kasi ya bei. Mabadiliko ya hiyo kasi. Uzito wa mauzo kwa kila dakika..."

"Pamba yenyewe?"

"Samahani?"

"Kati ya vigezo mia nne na sita, kipo kinachoangalia pamba?"

Profesa alitabasamu kwa subira. "Hakuna taarifa iliyomo kwenye pamba ambayo haimo kwenye bei. Mkaguzi, mimi sijaona robota la pamba tangu nizaliwe. Na kwa miaka minne nimewapatia wateja faida kuliko madalali wote waliowahi kulinusa."

Mkaguzi aliandika, kwa sababu aliandika kila kitu. "Katika wiki hizo tatu, aliyekuwa akimuuzia Bi Mkubwa ni nani?"

"Soko."

"Soko ni nani?"

"Modeli haihitaji majina. Na majina ya wauzaji hufichwa mpaka mwisho wa mwezi, hiyo nayo ni sheria yenu. Sisi tunaona bei na wingi, basi. Bei ilipanda, modeli ikatambua mwelekeo, ikanunua. Ilikuwa inafanya kazi sawasawa mpaka mtu alipoizima. Hapo ndipo hasara ilipotokea, dakika ileile. Huhitaji vigezo mia nne kuliona hilo."

Hoja ilikuwa imenyooka. Mtambo unanunua, bei inapanda. Mtambo unazimwa, bei inaanguka. Aliyeuzima aliuza mali yake siku mbili kabla. Hakimu yeyote angeelewa bila kueleweshwa mara ya pili.

Akaomba fomu tisa za dalali.

Fomu ilitoa sababu kumi na mbili za kupinga uamuzi wa mtambo, zote za kihesabu, na mwisho kabisa neno moja: Nyingine. Mara zote tisa dalali alichagua hilo. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika, mara zote tisa, maneno yaleyale: Marobota hayajasogea ghalani. Na mara zote tisa mtambo ulijibu: Sababu haina namba. Fomu imefungwa.

"Nani anazisoma hizi?"

"Hakuna. Mfumo unazifunga wenyewe. Tungemwajiri mtu wa kusoma fomu, tungekuwa tumerudi tulikotoka."

Mkaguzi alikuwa bado anatazama kioo. Pembeni mwa kila fomu palikuwa na alama ndogo. Nane zilisema haijafunguliwa. Ya sita ilisema imefunguliwa, Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni.

"Na hii?"

Profesa aliinama, akatazama muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji.

"Hitilafu ya mfumo," alisema.

*

Ghala lilikuwa na urefu wa uwanja wa mpira. Marobota yalipangwa mpaka karibu na bati, safu nyuma ya safu, na vumbi juu yake lilikuwa sawa kama shuka. Sakafuni, mbele ya kila safu, Mkaguzi alitafuta alama za magurudumu. Alikuta za ufagio.

Mtunza ghala alikuwa mtu mnene mwenye funguo nyingi na hasira ya kudumu dhidi ya makao makuu.

"Karibu, dada. Nimekungoja tangu Jumatano. Walipomkamata shemeji nikajua zamu yangu haiko mbali. Mke wangu kanifungia nguo begi dogo, kaniwekea na mswaki."

"Sijaja kukukamata. Nimekuja kuuliza kuhusu simu kumi na nne."

"Kuuliza nini? Zisikilize. Simu za ghala zinarekodiwa, bima ndivyo inavyotaka. Pakiungua wanataka kusikia nani alipiga kelele kwanza."

Walikaa katika kibanda cha vioo, Mkaguzi akazisikiliza zote. Hakuna iliyozidi nusu dakika.

"Shemeji, yamesogea?"

"Hata moja."

"Hata la pembeni?"

"La pembeni labda panya. Dada yangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Anasema umenenepa."

"Kaniona wapi?"

"Hajakuona. Anakujua."

Nyingine, ya wiki iliyofuata: "Yamesogea?"

"Wewe mtu, haya ni marobota, si kobe."

"Kobe angekuwa keshafika."

Ya kumi na nne ilikuwa ya Jumanne, siku moja kabla ya waya. Swali lilelile, jibu lilelile, na baada ya jibu hakuna utani. Dalali alikata simu.

"Hukuwahi kumtajia wenye mali?" Mkaguzi aliuliza. "Nani kauza, nani kanunua?"

"Ili nami nikalale huko kwenu? Majina ni siri, nimesaini. Lakini kama mzigo upo au haupo, hiyo siri gani? Dirisha lile pale hata mbuzi anachungulia."

Mkaguzi alikwenda dirishani, akatoka nje, akatazama ndani akiwa barabarani. Marobota yalionekana vizuri, na vumbi lake. Aliandika upana wa dirisha na umbali wake kutoka barabara ya umma. Kisheria tofauti ilikuwa kubwa: anayetumia siri kuuza mali yake ana kosa, na anayetumia macho hana.

Lakini hilo lilieleza tu kwa nini dalali aliuza. Halikueleza nani alinunua kitu ambacho hakuna aliyekichukua.

"Majina hufichwa kwenye kompyuta za soko," alisema aliporudi. "Wewe unayapata wapi?"

"Kwenye stakabadhi, dada. Hizi bado ni karatasi." Mtunza ghala alifungua kabati la chuma. "Kila jioni tarishi wa soko analeta barua: fulani kamuuzia fulani. Mimi nageuza stakabadhi, nagonga muhuri wa mwenye mali mpya nyuma, na tarehe. Kuna nafasi ya mihuri minane. Ikijaa naongezea karatasi kwa gundi."

"Hujaa mara ngapi?"

"Kawaida haijai. Mkulima, mnunuzi, kiwanda, kwisha. Mihuri mitatu. Hizi sasa..." Alitoa bunda, nalo lilikuwa limevimba kama mkate. "Mwezi huu nimemaliza chupa nne za gundi. Nilipoomba ya tano makao makuu wakaniuliza kama nafungua shule."

"Hukushangaa?"

"Mimi nalipwa kugonga. Anayelipwa kushangaa anakaa ghorofa ya sita."

Zilikuwa stakabadhi mia mbili na kumi na mbili, kila moja ya marobota hamsini. Mtunza ghala alishauri achukue ishirini za juu, nyingine zinafanana. Mkaguzi hakuwa mtu wa kufananisha. Alivua koti, akatandika karatasi safi sakafuni, akazipanga zote, uso chini, mihuri juu, akaanza na ya kwanza.

Majina yalikuwa mawili tu. Mfuko wa wauguzi. Mfuko wa wawekezaji binafsi. Mfuko wa wauguzi. Mfuko wa wawekezaji binafsi. Mara tisa, mara kumi na mbili, mara kumi na nne. Siku hii kwa Bi Mkubwa, siku ile kwa Bi Mdogo, kila mara bei juu kidogo. Kila mtambo uliona mnunuzi mwenye pupa upande wa pili, ukatambua mwelekeo, ukaongeza bei. Ukuta uliowekwa ili wasijuane ulikuwa umefanya kazi yake barabara. Hapakuwa na soko. Palikuwa na modeli moja ikijiuzia yenyewe, na katikati mtu mmoja mwenye gundi.

Stakabadhi mbili hazikuwa na karatasi ya nyongeza. Zilikuwa na jina la dalali, kisha, kwa tarehe ya Jumatatu, muhuri mmoja: Mfuko wa wauguzi. Mkaguzi aliziweka kando.

Zilizobaki, mia mbili na kumi, alizihesabu upya, safari hii kwa siku badala ya kwa stakabadhi. Alichora jedwali. Siku kumi na tano za kazi mfululizo, kila jioni zimekwenda upande huu na nyingine zimerudi upande ule. Hakuna siku hata moja ambayo zilikwenda upande mmoja tu. Ijumaa jioni, stakabadhi mia moja na tisa zilikuwa za Bi Mdogo.

Jumatatu: sitini na moja kwenda kwa wauguzi. Zilizorudi, hakuna.

Jumanne: arobaini na nane kwenda kwa wauguzi. Zilizorudi, hakuna.

Alijumlisha mara mbili. Mia moja na tisa. Bi Mdogo alikuwa ameondoka bila robota hata moja, akiwa ameshalipwa yote.

"Kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi," Mkaguzi aliuliza akiwa bado amepiga magoti, "kuna mtu alikuja hapa?"

"Jumamosi. Kijana mmoja. Kitabu hicho hapo, lazima wasaini."

Jumamosi, saa nne na dakika kumi. Kwenye safu ya sababu ya kuja, mgeni aliandika neno moja: Kutazama. Jina na saini vilisomeka bila shida.

"Alifanya nini?"

"Alipitisha kidole juu ya robota, akaangalia vumbi. Akaniuliza lilisogezwa lini mara ya mwisho. Nikamwambia wewe ni wa pili kuuliza hilo, wa kwanza ni shemeji yangu. Nilidhani atacheka." Mtunza ghala alifunga kitabu. "Alikuwa anaangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, vikaingia vumbi."

*

Saa tisa kasoro robo Mkaguzi alikuwa tena ghorofa ya sita. Hakuketi.

"Uliniambia hujaona robota la pamba tangu uzaliwe."

Profesa alitazama nakala ya kitabu cha wageni. Hakugusa.

"Ijumaa jioni ulifungua fomu ya sita," Mkaguzi aliendelea. "Jumamosi asubuhi ulikwenda ghalani. Kwa siku kumi na tano mitambo yako miwili iliuziana mali ileile. Kuanzia Jumatatu mmoja uliuza bila kununua. Mtambo haubadili tabia usipoelekezwa, na wanaoruhusiwa kuuelekeza ni wewe na Mkurugenzi. Kila elekezo huandikwa. Nionyeshe la Jumapili."

"Hilo linahitaji idhini ya Mkurugenzi."

"Yuko wapi?"

"Kasafiri jana."

"Basi idhini iko kwenye begi langu. Ina muhuri wa mahakama."

Elekezo lilikuwa la mistari miwili. Upande wa pili, wa Bi Mdogo: punguza hatari, uza tu. Upande wa kwanza, wa Bi Mkubwa: hakuna badiliko. Chini yake saini mbili.

"Kwa nini hakuna badiliko upande wa kwanza?" Mkaguzi aliuliza. "Ulijua kwamba wote wawili wananunua hewa."

"Nilijua kwa uhakika wa asilimia tisini na saba."

"Sikuuliza kiasi. Nimeuliza kwa nini."

Profesa alichukua kitambaa cha ubao, akakishika bila kufuta chochote.

"Kama wote wawili wangeacha kununua," alisema, "asingekuwepo wa kumuuzia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemaliza hesabu iliyonyooka. Kisha akaonekana kujisikia mwenyewe, akarudisha kitambaa mahali pake.

"Ulimwambiaje Mkurugenzi?"

"Kwamba dalali alikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyesema wateja wakubwa kwanza. Mimi niliandika tu."

"Halafu Jumatano mkamwita mhujumu."

"Mimi sikutumia neno hilo. Nilisema mtambo umezimwa nje ya utaratibu. Hilo ni kweli. Hata wewe huwezi kulikanusha."

Mkaguzi alimtaka asaini kila ukurasa wa maelezo yake, na Profesa alisaini, akiuliza kwenye ukurasa wa tatu kama aweke tarehe kwa namba au kwa maneno.

*

Mkuu wa Mamlaka alisikiliza kwenye simu bila kumkatiza. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Hujuma kwa faida binafsi imekufa," alisema mwishowe. "Futa. Faili la Mkurugenzi na huyo kijana lifungue leo. Wana mawakili, itachukua mwaka, miwili. Tutaona. Na waya?"

"Alikiri tangu mwanzo."

"Kanuni ya kumi na nne: kusimamisha mtambo bila saini mbili. Haina tafsiri mbili. Kufungwa hafungwi, lakini leseni inaondoka. Ya maisha."

"Saini mbili zilizotakiwa zilikuwa za hao hao wawili, Mkuu."

"Najua."

"Nusu ya mfuko wa wauguzi ilikuwa bado haijatumika. Ingebebwa yote wiki hii. Ipo kwa sababu alizima."

"Iandike kwenye maelezo."

"Maelezo hayabadilishi uamuzi."

"Hapana, hayabadilishi. Lakini kesho kila dalali anayedhani ana akili kuliko mtambo ataanza kung'oa nyaya, na wengi wao hawana. Wewe ndiye huwa unaniambia tufuate ushahidi. Ushahidi unasema aling'oa au hakung'oa?"

"Aling'oa," Mkaguzi alisema.

Katika chumba cha mahojiano dalali alikuwa amelaza kichwa mezani. Aliinuka mlango ulipofunguliwa. Mkaguzi aliweka karatasi moja mbele yake, kisha ya pili ambayo asubuhi haikuwepo.

"Ya kwanza inafuta shtaka la hujuma. Nimesaini. Unakwenda nyumbani leo."

Dalali alifumba macho kidogo. "Shemeji?"

"Hana kosa. Anahitaji gundi." Ulikuwa utani wake wa kwanza siku ile, na ulipita bila mtu kucheka. "Ya pili ni Kanuni ya kumi na nne. Leseni yako imefutwa kuanzia sasa. Hutafanya kazi hii tena, wala ya kumshauri anayeifanya."

Akamweleza mengine kwa mpangilio: mitambo miwili, mihuri, Jumamosi, Jumapili. Dalali alisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia kwamba fomu ya sita ilisomwa aliinua kichwa, kisha akakishusha.

"Kwa hiyo walinisikia," alisema. "Mimi nilidhani sisikiki."

"Walikusikia."

"Na zangu mbili? Nilizouza Jumatatu. Zilinunuliwa na nani?"

Angeweza kumjibu kwamba majina hufichwa mpaka mwisho wa mwezi. Lingekuwa jibu la kisheria.

"Mfuko wa wauguzi."

Dalali alizitazama karatasi, akazigeuza, kama mtu anayetafuta maandishi mengine upande wa nyuma.

"Sikujua," alisema.

"Imeandikwa kwamba hukujua."

"Nikiwa mwenyewe kwenye kiti changu Jumatano, naona ile foleni, nilisema hawa watu wanawamaliza mama zetu. Kumbe na mimi nilikuwa kwenye foleni, nimetangulia siku mbili." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Nikuulize kitu kimoja, mama. Ukiweza unijibu. Kama ningenyamaza? Nisijaze fomu, nisiguse waya. Nikae tu."

Mkaguzi alifikiri, kwa kuwa swali lilistahili jibu sahihi.

"Pensheni ya wauguzi ingekuwa imekwisha yote leo," alisema. "Mkurugenzi angelaumu soko, na hakuna ambaye angekwenda ghalani kuangalia. Wewe ungekuwa kazini."

Dalali alitikisa kichwa taratibu, akajisogezea karatasi ya pili.

"Nisaini wapi?"

Alimwonyesha.